Annie Analenga, Ken Anapigiwa Makofi

Mwaka 1965 kampuni ya Columbia ya Hollywood ilitoa picha mbili za kauboi za kuchekesha, na zote mbili zilidai kutokea Wyoming. Ya kwanza, Cat Ballou, ilikuwa na Jane Fonda, na ilikuwa na Lee Marvin akicheza watu wawili: mlevi aliyewahi kuogopwa kwa bastola yake, na muuaji mwenye pua bandia. Marvin akaondoka na Oscar. Ya pili, The Outlaws Is Coming!, haikuwa na rangi wala fedha, na waliotangulia kwenye bango lake walikuwa The Three Stooges, kundi lililokula kwa kuzabana vibao mbele ya kamera kwa zaidi ya miaka 30. Wakati huo walikuwa Moe Howard, Larry Fine na Joe DeRita.

Nataka kuijadili hii ya pili. Kwa uigizaji na kwa hadithi haifiki hata magotini mwa mwenzake. Ila imebeba wazi jambo ambalo picha kubwa hulificha vizuri zaidi: namna sinema inavyokopa umaarufu uliojengwa na chombo kingine, inavyoutumia kama fedha taslimu, kisha inavyojisahaulisha nani alikopesha.

Hadithi yenyewe ni hii. Ni mwaka 1871. Mlaghai aitwaye Rance Roden anapanga kuwaua nyati wote wa nyanda za magharibi ili Wenyeji wa Marekani, wakikosa riziki, wainuke dhidi ya jeshi. Jeshi likishavunjika, yeye na majambazi wake wajitwalie nchi. Jarida moja la Boston linalotetea wanyamapori linamtuma mhariri kijana, Kenneth Cabot, aende Casper kuchunguza, na wanaoandamana naye ni hao watatu ambao popote wanapoingia lazima kitu kivunjike. Ken ni mwungwana lakini bastola haijui. Annie Oakley, yule mwanamke wa Marekani aliyesifika kwa shabaha, amempenda, basi anajificha na kulenga kwa niaba yake. Adui wanaanguka, mji unamshangilia Ken, Ken anakuwa sherifu. Yeye mwenyewe hana habari kwamba risasi si zake.

Mwenye kujali tarehe atashika kichwa. Mwaka 1871 Annie Oakley halisi alikuwa mtoto wa miaka 11 huko Ohio, Billy the Kid, jambazi ambaye pia yumo kwenye picha, hakumzidi sana, na mji wa Casper ulikuwa bado haujaanzishwa, ulikuja 1888. Lakini cha ajabu ni kwamba sehemu inayoonekana ya kipuuzi kuliko zote, ile ya nyati, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870, viwanda vilipojifunza kuifanyia kazi ngozi ya nyati, wawindaji wa kulipwa waliwaua kwa mamilioni, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki mamia tu. Wapo maofisa wa jeshi waliolifurahia jambo hilo, kwa sababu watu waliomtegemea mnyama yule kwa chakula na mavazi wasingekuwa na la kufanya ila kukubali kukaa kwenye maeneo waliyotengewa. Picha nyingi za heshima za kauboi za enzi hiyo zilipita mbali na habari hii. Kichekesho cha bei poa kikaingia nayo mlango wa mbele, kikaipigia vibao, kikatoka.

Turudi kwa Annie na Ken. Ujanja huo wa mwanamke kulenga na mwanamume kupigiwa makofi haukuzaliwa pale. Katika The Paleface ya 1948, Jane Russell akiwa Calamity Jane anafyatua risasi kwa niaba ya Bob Hope, daktari wa meno mwoga anayejidhania shujaa. Mwaka 1968 kampuni ya Universal ikaipika upya picha hiyo kwa jina The Shakiest Gun in the West, ikampa Don Knotts nafasi ya Hope. Bado ni daktari wa meno, safari hii katoka Philadelphia, na mwenye shabaha ni Barbara Rhoades. Picha tatu ndani ya miaka 20, na zote zinacheka jambo lile lile.

Angalia sasa nani kawekwa katikati ya kila moja. Hope mwaka 1948 alikuwa tayari nyota wa sinema, lakini kilichomwingiza katika nyumba za Wamarekani kila wiki kilikuwa redio. Knotts mwaka 1968 alikuwa uso wa televisheni, mshindi wa tuzo 5 za Emmy. Na katika ile ya 1965 televisheni imejaa kila mahali, mpaka kwenye genge la majambazi, kama nitakavyoeleza. Naamini hadithi hii ilirudiwa kwa kuwa inafanana na biashara iliyoizaa. Nje ya pazia yupo aliyekwisha kulenga, akawapata watazamaji, akawalainisha kwa miaka. Picha inaingia mjini, watu wanajaa, na mwenye picha anapokea makofi.

Tuanze na Stooges wenyewe, maana wao ndio waliodhulumiwa kwanza. Kuanzia 1934 walitengeneza kwa Columbia filamu fupi 190, za robo saa na ushee kila moja, zilizotangulia picha kubwa kwenye majumba ya sinema. Mwishoni mwa 1957 kazi ikaisha na mkataba haukuongezwa. Wiki chache baadaye, mapema 1958, Screen Gems, ambayo ni tawi la televisheni la Columbia hiyo hiyo, ikaanza kuviuzia vituo vya televisheni furushi la filamu zao 78. Watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili wakazipokea kana kwamba zimepigwa juzi. Moe akawa maarufu kuliko alivyowahi kuwa alipokuwa na mshahara. Kwa marudio yale yote wao hawakulipwa hata senti; mikataba ya zamani haikuwa na kifungu cha namna hiyo.

Umaarufu usio na mshahara ilibidi ugeuzwe kuwa kazi, na ndipo picha ndefu zilipoanza, ya kwanza ikiwa Have Rocket, Will Travel mwaka 1959. Mwaka 1961 kampuni ya Fox ikajaribu kuwavisha suti: picha ya rangi, Snow White, pamoja na Carol Heiss, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu. Gharama haikurudi. Tangu hapo wakarejea Columbia, kwenye nyeusi na nyeupe, chini ya usimamizi wa Norman Maurer, mchoraji wa vitabu vya katuni aliyemwoa binti wa Moe. Ndiye aliyeiongoza The Outlaws Is Coming!. Rance Roden, yule mlaghai, kachezwa na Don Lamond, aliyemwoa binti wa Larry. Ukisikia duka la familia, ndilo hili. Na duka la familia lina sifa moja ambayo studio kubwa haina: linajua mteja anaingilia mlango gani.

Mlango ulikuwa watangazaji wa watoto.

Hapa pana haja ya kueleza kidogo, kwa sababu aina hiyo ya utangazaji imekufa hata huko kwao. Mwaka 1950 nyumba zenye televisheni Marekani hazikufika moja katika kila kumi. Kufikia 1960 zilikuwa karibu tisa katika kila kumi. Vituo vya mijini vilikuwa na saa nyingi za kujaza na fedha kidogo za kujazia. Jioni watoto wakirudi shule, kituo kilichukua filamu fupi za zamani na katuni, kikamwajiri mtu mmoja mchangamfu, kikamvika vazi. Mmoja askari polisi, mwingine mwanaanga, wa tatu mbeba mizigo wa hotelini. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya kamera, kuwasalimu watoto, kutaja wenye siku ya kuzaliwa, kuwasifia mkate au maziwa ya mdhamini, kisha kuachia filamu. Baada ya robo saa anarudi. Alikuwa mjomba au shangazi wa mji mzima, lakini mji huo mmoja tu. Mawimbi ya kituo yalipokoma, na umaarufu wake ulikoma.

Kazi yake nyingine, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote, ilikuwa kuwatuliza wazazi. Wazazi waliwalalamikia Stooges kwa ule mchezo wao wa kuchomana vidole machoni na kugongana nyundo. Joe Bolton, aliyevaa sare ya polisi kwenye kituo cha WPIX cha New York, alikuwa akiwaonya watoto wasijaribu nyumbani wanayoyaona. Fikiria thamani ya mtu huyo kwa Columbia: anaionyesha bidhaa, anaitetea mbele ya mama, na anaaminiwa na mtoto. Mshahara wake analipa mwingine.

Basi Maurer akafanya hesabu ambayo, kusema kweli, nawavulia kofia wote walioipitisha. Picha inahitaji majambazi maarufu wa magharibi. Majambazi huhitaji waigizaji. Badala ya kuajiri waigizaji wadogo wa Hollywood ambao hakuna anayewajua, akawaita watangazaji tisa waliokuwa wakionyesha filamu za Stooges katika miji tisa, akampa kila mmoja jina kubwa la historia. Bolton akawa Rob Dalton. Paul Shannon wa Pittsburgh akawa Wild Bill Hickok. Ed McDonnell, aliyekuwa mwanaanga Major Mudd kwa watoto wa Boston, akawa Bat Masterson. Bill Camfield wa Fort Worth, ambaye watoto wa Texas walimjua kwa jina la Icky Twerp, akawa Wyatt Earp. Hal Fryar wa Indianapolis kapewa Johnny Ringo, Johnny Ginger wa Detroit kapewa Billy the Kid, Wayne Mack wa New Orleans kapewa Jesse James, na Bruce Sedley wa San Francisco kapewa Cole Younger. Sally Starr wa Philadelphia, ambaye hata studioni kwake alivaa kikauboi kuanzia kofia hadi buti, akawa Belle Starr, na hakuhitaji hata kubadili jina la ukoo. Ukimhesabu Lamond mwenyewe, aliyekuwa mtangazaji Los Angeles, wanafika kumi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mmoja wa hao, akirudi kwake, alikuwa na sababu ya kuitaja picha kila jioni, na mbele ya watoto wale wale ambao Jumamosi wangeomba hela ya tiketi. Tangazo la kununuliwa halina nguvu hiyo. Jina lenyewe la picha lilichukuliwa kwenye tangazo: sarufi yake mbovu, Is badala ya Are, inaidhihaki kampeni ya mwongozaji Hitchcock ya 1963, iliyotangaza picha yake The Birds, ya ndege wanaoshambulia watu, kwa kosa lile lile la makusudi. Kuanzia jina hadi majambazi, picha ilitengenezwa kuanzia kwenye tangazo kurudi nyuma.

Wakosoaji wengi wakifika hapa hucheka, wakasema hii si sanaa, ni ujanja wa mauzo. Mimi nina lalamiko jingine. Ujanja wa mauzo siupingi. Shakespeare naye alikuwa na hisa katika kampuni yake ya maigizo. Lalamiko langu ni kwamba picha iliwaita watu tisa wenye kipaji kinachofahamika, halafu haikukitumia.

Kipaji chao kilikuwa nini? Kuigiza kwa kujificha ndani ya mhusika hakikuwa miongoni mwake. Walijua kumtazama mtoto machoni kupitia kioo na kumfanya aamini kwamba anasemeshwa yeye peke yake. Walijua kuokoa dakika iliyokufa, kujibu kelele za chumba, kukosea na kucheka kosa lao. Televisheni ya wakati ule, hasa ya moja kwa moja, iliishi kwa ukaribu huo. Sinema ikawachukua, ikawapanga mstari baani, ikawavalisha mikanda ya bastola, ikawapa maneno mawili matatu ya kitisho, ikawakataza kuangalia kamera. Icky Twerp bila kukuangalia wewe ni mwanamume aliyevaa kofia. Kuna mchezo mmoja mzuri ambapo Stooges wanamimina gundi kwenye mikoba ya bastola za majambazi, ili asubuhi bastola zisichomoke. Ni kichekesho safi, kimepangwa vizuri, lakini majambazi pale wangeweza kuwa watu wowote. Hakuna hata kimoja kinachotegemea kwamba huyu ni Sally na yule ni Bolton.

Matokeo yake ni kwamba picha hii haikuwa moja. Mtoto wa Philadelphia alikaa akimngoja Sally. Akitokea, ukumbi unalipuka. Wengine wanane kwake ni majambazi wa kawaida. Mtoto wa Fort Worth alilipuka mahali pengine. Mikopo tisa katika miji tisa, kila mji ukilipa deni lake na kupitiwa na mengine. Nje ya miji hiyo hakuna aliyelipuka kabisa. Mtazamaji wa pwani yetu wa miaka hiyo, aliyelelewa na picha za kauboi kwa sheria isiyo na mjadala kwamba stelingi hafi, angeona watu tisa wanaopewa heshima ya ajabu na kamera bila sababu yoyote, akadhani ni udhaifu wa hadithi. Televisheni Kenya ilikuwa imeingia 1962 tu, Zanzibar ikaipata 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi miaka ya 1990. Umaarufu wa kuazima kwa jirani mmoja hausafiri.

Wala haudumu. Vipindi vya watangazaji hao vilirushwa moja kwa moja, au kanda zake zikafutwa ili zirekodiwe kitu kingine, na kidogo sana kimesalia. Leo mtu akiwatafuta, mojawapo ya mahali pa uhakika pa kuwaona wakitembea na kusema ni humu, katika picha iliyowanyima kazi waliyoijua. Mwanahistoria wa televisheni atakuambia ni hazina. Mtazamaji wa kawaida atauliza kwa nini baa ile ina watu wengi namna ile.

Nimewasema sana watangazaji, lakini wenye bango nao wana shida yao. Moe alikuwa na miaka 67 picha ilipotoka, Larry 62. Vibao vipo, ila vimepunguzwa ukali kwa ajili ya wale wale wazazi, na mwili wa mzee hauanguki kama wa kijana. Unaona kamera ikisogea kuwasaidia. Ndiyo maana picha zao za miaka hiyo huwekewa kijana mtanashati wa kubeba mapenzi na hatari. Hapa kijana huyo ni Adam West, na bila mtu kukusudia yeye ndiye anayeiba picha. Anacheza Ken kwa uso mkavu kabisa. Dunia nzima imepata wazimu, gundi inamiminwa, jambazi anaitwa Trigger Mortis, na yeye anasema maneno ya haki na uadilifu kana kwamba yuko bungeni. Mwezi Januari 1966 televisheni ya ABC ikaanza kuonyesha Batman, na uso ule ule, sauti ile ile, ukali ule ule wa mtu asiyejua kwamba anachekesha, ukawa wazimu wa taifa. Sinema ilikopa nyuso kumi za televisheni, na televisheni ikajichukulia moja kutoka kwenye picha hiyo hiyo, ambayo haikuwa imekopwa kwa ajili ya watoto. Sidai kwamba Batman alizaliwa Casper. Nasema tu kwamba aliyeitazama picha hii kwa makini angeweza kukisia.

Sasa mtazame Don Knotts, maana ndiye anayeonyesha kwamba mkopo unaweza kutumika vizuri.

Knotts alikuwa Barney Fife katika The Andy Griffith Show: naibu sherifu wa kijiji, mwembamba kama ufito, mwenye kujiona simba na mikono inayotetemeka. Alikuwa anaruhusiwa kubeba risasi moja tu, na risasi hiyo ilikaa mfukoni mwa shati, si kwenye bastola. Mwaka 1965, akidhani kipindi kinakaribia kufungwa, akasaini na Universal. Kipindi kikaendelea bila yeye hadi 1968. Universal ikampangia picha za gharama ndogo, mfululizo, zikapigwa kwenye mitaa ya mandhari iliyokuwa tayari imesimama ndani ya uwanja wa studio. Ya kauboi ikaja ya tatu.

Tofauti na Maurer ni kwamba Universal haikumkopa Knotts peke yake. Ilikopa na waliomjua. The Shakiest Gun in the West imeandikwa na Jim Fritzell na Everett Greenbaum, ambao walikuwa wamemwandikia Barney. Mwongozaji Alan Rafkin alikuwa ametoka kwenye televisheni hiyo hiyo. Watu hawa walijua kwamba kichekesho cha Knotts kina ngazi: kwanza anaogopa, halafu anapata sifa isiyo yake, halafu anavimba, halafu anagundua. Barney alipitia ngazi hizo ndani ya nusu saa, wiki baada ya wiki. Hadithi ya daktari wa meno ambaye mke wake anafyatua risasi kwa niaba yake ni ngazi hizo hizo, zimetandazwa kwa saa moja na nusu, na kwa mara ya kwanza zina mapana ya kumwezesha aanguke kutoka juu kabisa.

Na anaanguka. Jesse Haywood, baada ya kuimbwa kama muuaji wa majambazi, anajua kwamba aliyepiga ni Penny, mhalifu aliyeolewa naye ili tu apate kisingizio cha kusafiri kwenye msafara, kwa kuwa serikali imemwahidi msamaha akiwanasa wasafirishaji haramu wa silaha. Knotts hapo hachekeshi. Uso ule wa mpira unakuwa mdogo. Kwa dakika chache unaona jambo ambalo televisheni haikuwa na nafasi ya kulionyesha, kwa sababu Barney ilibidi wiki ijayo awe kama alivyokuwa wiki hii, wakati Haywood hana wiki ijayo. Kisha wanamvisha nguo za kike za Wenyeji wa Marekani aende kumwokoa mkewe, na picha inarudi kwenye upuuzi wake, pamoja na dhihaka kwa Wenyeji wa Marekani ambazo leo haziliki. Hilo la mwisho silifichi. Picha hizi zote tatu zinawatumia Wenyeji kama mapazia, na ile ya Stooges, yenye habari ya kweli ya nyati mikononi, ndiyo yenye hatia zaidi, kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kauboi, kwa nini si polisi au wapelelezi. Jibu la kwanza ni fedha. Hollywood ya miaka hiyo ilikuwa imejaa miji ya mbao, farasi wa kukodi, na maghala ya mavazi, na sehemu kubwa ya gharama hizo ilikuwa imekwisha kulipwa na televisheni. Gunsmoke ilianza 1955, Bonanza 1959, na mwishoni mwa miaka ya 1950 saa za jioni zilifurika magari ya farasi. Kutengeneza kauboi ya bei poa kulikuwa kama kupika kwenye jiko ambalo jirani ameshaliwasha. Jibu la pili ni kwamba mtazamaji hakuhitaji kufundishwa. Alijua baa, alijua sherifu, alijua mtaa unaonyamaza saa sita mchana. Kichekesho kinataka sheria zinazojulikana ili kizivunje, na hakuna aina ya picha ambayo Mmarekani wa 1965 alizijua sheria zake kuliko hii. Alizijua kutoka kwenye televisheni, tena bure, kila usiku.

Kwa hiyo ukubwa wa mkopo unazidi nyuso. Uso ulitoka kwenye televisheni, mandhari yalinusurika kwa sababu ya televisheni, sheria za mchezo zilifundishwa na televisheni, tangazo likapigwa humo humo. Sinema ilileta kiti, giza na bei ya tiketi. Cat Ballou nayo haikuwa safi. Lee Marvin alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye runinga akicheza mpelelezi katika M Squad, na watu walizoea sura yake ya jiwe. Mlevi anayeshindwa kupanda farasi anachekesha maradufu kwa sababu ni yule mpelelezi wa jiwe. Columbia, mwaka ule ule, kwa mkono mmoja ilitumia kilichojulikana kuhusu mtu ili kukigeuza juu chini, na kwa mkono mwingine ikakitumia kujaza viti tu.

Knotts hakuishia Universal. Alifanya nyingine mbili pale, ya mwisho 1971, kisha Disney wakamchukua kwa kauboi nyingine za kuchekesha, The Apple Dumpling Gang ya 1975 ikiwa ya kwanza, wakamwoanisha na Tim Conway, mwingine aliyetengenezwa na televisheni. Mwaka 1979 akaingia Three's Company, kipindi cha nyumbani, chenye kochi na mlango, na akakaa humo hadi kilipofungwa 1984. Stooges hawakufanya tena picha ndefu ya sinema baada ya ile ya majambazi. Larry na Moe walifariki mwaka mmoja, 1975. Sally Starr aliishi hadi Januari 2013, akiwa na miaka 90.

Kwa anayetaka kutazama, ushauri wangu ni kuanza na Knotts, kwa sababu picha yake inasimama hata kama hujawahi kumsikia Barney Fife. Wanaoijua hiyo risasi ya mfukoni watacheka mapema kidogo tu. The Paleface ifuate, uone mifupa ya hadithi. The Outlaws Is Coming! iwe ya mwisho, na kabla ya kuianza tafuta kipande chochote kilichosalia cha Sally au Icky Twerp studioni kwao, wakizungumza na watoto. Ukishawaona pale, baa ya Casper itakuwa na watu unaowafahamu, na utajua picha ilikuwa na nini mkononi.